Jinsi ya kusoma takwimu za hoki ya barafu ujue nani kweli anacheza vizuri, sio nani anaongoza tu

Kila nikimkaribisha mtu kuangalia hoki ya barafu kwa mara ya kwanza, dakika kumi hazipiti atauliza, sa hapa nani anacheza vizuri? Na ni swali la haki kabisa, maana paki, kile kisahani cha mpira wanachokipiga kwa fimbo, ni ndogo, inakimbia kuliko jicho, wachezaji wanatoka na kuingia kila baada ya sekunde 45 hivi, refa anapuliza filimbi hujui kwa nini, afu ubao unasema 1-1. Kwenye mpira wa miguu ukitazama tu unajua nani kaelemewa, ila huku inabidi ujue cha kuhesabu. Naandika hapa ninavyofanya mimi, na kwa nini, ili ukikaa mbele ya TV uwe na kitu mkononi.

Nianze na kilichonifundisha. Nilifika Toronto kiangazi cha 2013, na baridi ilipoanza nikawa naangalia Maple Leafs, timu ya mji ule, na mzee mmoja wa kazini, fundi bomba, mtu wa hoki tangu mtoto. Leafs walikuwa wanashinda, mji mzima una furaha, mimi nimeshanunua na kofia. Yule mzee kila mechi anatikisa kichwa, anasema hawa wanapigwa mashuti mengi mno, hii haiwezi kudumu. Mi naona ana roho mbaya tu, maana timu inashinda, mashuti yana shida gani? Lakini kweli msimu ule Leafs walikuwa wanaruhusu karibu mashuti 36 langoni kwao kila mechi, hakuna timu nyingine kwenye ligi nzima (NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini) iliyopigwa hivyo, na kilichowabeba ni kipa, Jonathan Bernier, alikuwa anazuia kila kitu. Katikati ya Machi 2014 Bernier akaumia. Walikuwa ndani ya nafasi za mtoano, wakapoteza mechi 8 mfululizo, na katika mechi 14 za mwisho wakapoteza 12. Mtoano wakaukosa. Yule mzee hakunicheka hata kidogo, alinipa kalamu na kipande cha karatasi, akaniambia msimu ujao hesabu mwenyewe.

Sasa tuhesabu.

Anza na majaribio, sio mashuti

Ukiangalia ile karatasi ya mechi wanayoonyesha kwenye TV utaona "mashuti" timu moja 27 nyingine 25. Hayo ni yale yaliyolenga lango tu, yaani kipa asingezuia lingekuwa goli. Yaliyopita pembeni hayapo, yaliyogonga mwamba hayapo (ndio, shuti la mwamba halihesabiwi), na yale ambayo beki kajitupa akayazuia kwa mguu hayapo pia. Sasa fikiria, timu inayopiga sana hata kama inakosa, maana yake paki inayo yenyewe na iko upande wa mwenzake. Ndo maana wachambuzi wanahesabu majaribio yote, yaliyolenga, yaliyokosa na yaliyozuiwa, na hesabu hiyo inaitwa Corsi, jina la Jim Corsi aliyekuwa kocha wa makipa wa Buffalo Sabres. Ukitoa yale yaliyozuiwa inaitwa Fenwick, ila kwa kuanzia Corsi inatosha kabisa, usijichoshe.

Chukua karatasi, igawe katikati kwa mstari, timu moja kushoto nyingine kulia. Kila mtu akipiga kuelekea lango, weka kijiti. Likilenga, kizungushie duara. Likiwa limepigwa kutoka eneo la hatari mbele ya lango, weka na nukta (eneo hilo nalielezea chini). Basi, hiyo ndo kazi yote, na baada ya mechi mbili tatu mkono unazoea hauangalii tena karatasi.

Tuseme kipindi cha kwanza kimeisha, dakika 20, umepata hivi: kushoto vijiti 19, kati yake maduara 8. Kulia vijiti 11, maduara 7. TV itakwambia mashuti 8 kwa 7, wamelingana. Karatasi yako inasema vijiti 19 kati ya 30, yaani asilimia 63 ya majaribio yote ni ya timu ya kushoto, wamewakandamiza wenzao kipindi kizima. Kwa msimu mzima timu yenye asilimia 52 tayari ni nzuri, 55 ni timu ya kutisha, na 47 kushuka chini ni timu inayoishi kwa maombi.

Kuna masharti mawili ukihesabu, na ukiyasahau utajidanganya mwenyewe.

La kwanza, hesabu wakati pande zote zina wachezaji watano kwa watano tu. Mtu akifungiwa kwenye boksi kwa adhabu, acha kuweka vijiti, au tumia karatasi nyingine, maana wenye watano watapiga sana kuliko wenye wanne na hiyo haikwambii kitu kuhusu nani bora. Sehemu kubwa ya mechi ya dakika 60 ni watano kwa watano, kwa hiyo data hutakosa.

La pili ni hali ya ubao. Timu ikiongoza 3-0 inarudi nyuma, inalinda, inatupa paki mbele na kubadilisha wachezaji, na iliyofungwa inapiga kutoka popote. Ukihesabu hapo utakuta aliyefungwa ana vijiti vingi, useme alionewa. Hapana, aliachiwa. Mi huwa nahesabu matokeo yakiwa sare au tofauti ya goli moja kwenye vipindi viwili vya kwanza, hayo ndo yanasema ukweli.

Afu angalia yanapigwa kutoka wapi

Hapa ndo kijiti peke yake hakitoshi. Shuti la beki kutoka mstari wa bluu, ule unaoanzia eneo la timu inayolinda, mita 18 hivi, kipa anaona vizuri hana mtu mbele, hilo atalidaka huku anafikiria chakula cha usiku. Shuti la mita tatu mbele yake baada ya kupapasa la kwanza ni kitu kingine kabisa. Lango lenyewe dogo, upana mita 1.83 na urefu wa kwenda juu mita 1.22, na kipa akiwa amekaa sawa na nguo zake zile anajaza karibu lote. Kwa hiyo goli linapatikana akiwa hajakaa sawa.

Eneo la hatari chora hivi kichwani: kutoka kila mwamba wa goli vuta mstari kwenda kwenye nukta nyekundu ya duara la pembeni, kutoka kwenye nukta panda moja kwa moja hadi juu ya duara, afu unganisha pande mbili kwa juu. Inatoka kama umbo la kibanda kichwa chini. Magoli mengi yanatoka humo ndani. Shuti likipigwa humo, weka nukta.

Na kuna moja ambalo kwangu mimi ndo takwimu tamu kuliko zote ukiwa unahesabu kwa mkono: pasi inayokatiza katikati. Chora mstari toka katikati ya goli kwenda juu hadi mstari wa bluu. Mchezaji yuko kushoto na paki, kipa kamkabili, ghafla paki inavuka mstari ule kwenda kulia na mwenzake anapiga hapohapo bila kutuliza. Kipa inabidi asukume mwili mzima kutoka upande mmoja hadi mwingine, na akiwa anateleza miguu inaachana, mkono uko nyuma, na hapo ndo utaona wavu unatikisika. Angalia marudio polepole ya magoli ya timu yoyote nzuri, hesabu mangapi yametanguliwa na pasi ya hivyo, utaniambia. Kwenye karatasi naiandikia herufi K, na timu yenye K tano kwenye mechi naiheshimu hata kama imefungwa.

Kwa wanaofuatilia ligi kuu ya Uingereza, hii ndo xG mnayoijua. Kwenye hoki ipo pia, magoli tarajiwa, kila shuti linapewa uwezekano wake kulingana na umbali, pembe, kama ni la kurudi kutoka kwa kipa, na kadhalika. NHL tangu msimu wa 2021 wameweka vifaa vya kufuatilia paki na wachezaji wote uwanjani, kwa hiyo data ni nyingi. Lakini mi nasema ukizoea vijiti na nukta kwanza, xG utaielewa vizuri zaidi, maana utajua inapima nini.

Wanaingiaje eneo la mwenzao

Hii watu wengi wanairuka na ni kosa. Timu ikifika mstari wa bluu wa wapinzani ina njia mbili: kuingia na paki kwenye fimbo, au kuitupa kwenye kona na kuikimbilia. Makocha wa zamani walipenda kutupa, wanasema ni salama. Jamaa mmoja anaitwa Eric Tulsky, mtu wa kemia mwenye udaktari kutoka Berkeley, alikuwa anachambua hoki kwa mapenzi tu, yeye na wenzake wakahesabu maelfu ya matukio kwa kuangalia video, wakakuta kuingia na paki kwenye fimbo kunaleta mashuti zaidi ya mara mbili ya kuitupa. Mara mbili! Carolina Hurricanes wakamchukua, na 2024 wakamfanya meneja mkuu wa timu. Mtu aliyeanza kwa kuhesabu kwenye video kama wewe na mimi.

Kwa hiyo ukitaka kuongeza kitu cha tatu kwenye karatasi, pembeni andika B kwa kubeba na T kwa kutupa. Timu ikianza mechi na B nyingi na kipindi cha tatu zimegeuka T tupu, ujue imechoka au inaogopa, na goli la kusawazisha liko njiani.

Kipa

Hapa inabidi nikae kidogo, maana hiki ndo kinaharibu hesabu zote nilizosema juu.

Carolina hao hao, miaka mingi sasa chini ya kocha Rod Brind'Amour wako juu kabisa kwenye asilimia ya majaribio. Wamefika nusu fainali ya mtoano, yaani fainali ya mashariki, 2019, 2023 na 2025. Katika nusu fainali hizo tatu jumla wameshinda mechi 1 na kupoteza 12. Ile ya 2023 dhidi ya Florida Panthers niliiangalia yote, na mechi ya kwanza ilienda hadi muda wa nyongeza wa nne, tumekaa hadi karibu saa nane usiku, Sergei Bobrovsky langoni mwa Florida kaokoa mashuti 63. Sitini na tatu. Wakashinda Florida 3-2, afu 2-1, afu 1-0, afu 4-3. Mechi nne, zote kwa goli moja. Carolina hawakucheza vibaya, walikutana na kipa aliyekuwa kwenye kilele chake, na wao wenyewe hawakuwa na mmaliziaji wa kumvunja.

Takwimu ya kipa ni asilimia ya kuokoa, inaandikwa mfano .905, maana yake katika mashuti 1000 amezuia 905. Wastani wa ligi miaka hii umeshuka unazungukia .900, miaka kumi iliyopita ulikuwa karibu .915, kwa hiyo usilinganishe kipa wa leo na wa zamani bila kuangalia mwaka. Dominik Hasek msimu wa 1998-99 alikuwa na .937, mpaka leo ukiitaja hiyo namba kwa mtu wa hoki ananyamaza kwanza.

Unaweza kuona .920 na .900 ukasema tofauti ndogo. Fanya hesabu: mashuti 30 kwa mechi, mechi 82, ni mashuti 2460 kwa msimu. Tofauti ya alama 20 hapo ni magoli 49. Na kwa kanuni wanayoitumia wachambuzi, magoli 6 hivi ya tofauti ni sawa na ushindi mmoja, kwa hiyo kipa mmoja badala ya mwingine ni ushindi 8, pointi 16. Timu inatoka kukosa mtoano hadi kuwa juu ya msimamo, wachezaji wengine wote ni walewale. Hakuna nafasi nyingine uwanjani yenye nguvu hiyo, ndo maana nawaambia kabla ya mechi kitu cha kwanza angalia nani anaanza langoni, na kama timu imecheza jana yake, maana mara nyingi wanampumzisha wa kwanza wanaweka wa akiba.

Bahati ina namba yake

Chukua asilimia ya mashuti ya timu yanayokuwa magoli, jumlisha na asilimia ya kuokoa ya kipa wao. Inaitwa PDO. Ligi nzima ikijumlishwa lazima iwe 100, kwa sababu kila shuti ni goli la mmoja au limeokolewa na mwingine. Timu ikiwa na 103 baada ya mechi 20, uliza, wana wamaliziaji hatari na kipa wa dunia, au mambo yanawanyookea tu? Mara nyingi ni la pili na itashuka. Ikiwa na 97 na asilimia yao ya majaribio ni nzuri, usiwakate tamaa, watapanda.

Colorado Avalanche 2013-14 ndo mfano wa kukumbuka. Walipata pointi 112, kocha Patrick Roy akasifiwa kila kona, lakini majaribio walikuwa wanazidiwa karibu kila wiki. Wakatolewa raundi ya kwanza na Minnesota, na msimu uliofuata pointi 90, mtoano hawakuingia. Upande wa pili Los Angeles Kings 2012: waliingia mtoano wa mwisho magharibi, wa nane, magoli yao machache mno msimu mzima, ila kwenye umiliki wa paki walikuwa wakubwa. Paki zikaanza kuingia, Jonathan Quick langoni akaokoa kwa .946 kwenye mtoano, wakabeba kombe. Na 2014 wakabeba tena.

Adhabu

Mtu akikosea anakaa boksini dakika 2, wenzake wanacheza wanne kwa watano, na wakifungwa anatoka. Wenye watano wastani wanafunga mara moja katika tano, yaani asilimia 20 hivi. Edmonton Oilers 2022-23 walifika 32.4, rekodi ya ligi, ni kitu cha ajabu sana. Lakini wakatolewa na Vegas raundi ya pili, waliokuja kuwa mabingwa. Fanya tena hesabu: nafasi 3 kwa mechi ni 246 kwa msimu, timu ya asilimia 25 dhidi ya 18 inapata magoli 17 zaidi, ushindi 3 hivi. Ni muhimu, ila sio kama kipa. Cha kuangalia zaidi ni nani anapata adhabu nyingi kuliko mwenzake, na hiyo mara nyingi inarudi kulekule, anayefukuzia paki ndo anayeshika na kukwatua.

Vinavyoonyeshwa sana na havina uzito huo

Fesofu, ile ya refa kudondosha paki katikati ya wawili. TV wanaipenda. Kwa mechi moja zipo kama 60, timu ya asilimia 53 dhidi ya 50 inapata mbili zaidi usiku mzima. Mbili. Ikiwa ni eneo la mwisho dakika ya mwisho ndio, inauma, vinginevyo ipite.

Kugongana nako vivyo hivyo. Timu yenye vikumbo vingi watu wanasema wana moyo. Lakini huwezi kumgonga mtu asiye na paki, kwa hiyo ukiwa unagonga sana maana yake paki anayo mwenzako.

Kufunga la kwanza kuna uhusiano mkubwa na kushinda, anayetangulia anashinda kama theluthi mbili ya mechi, lakini hiyo ni kwa sababu mechi zina magoli machache, sio mbinu ya kujifunza.

Na kama unacheza au unafundisha uwanja mdogo, kama vile Ice Lions wa Nairobi wanaocheza pale Panari barabara ya Mombasa (hao ndo waliokwenda Canada 2018 wakacheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nilifurahi siku ile kama ni ndugu zangu), vijiti vya mbali usivitilie maanani, uwanja mfupi kila mtu anapiga kila mahali. Hesabu nukta na K tu. Vijana wanaojifunza kupasi kukatiza badala ya kupiga ovyo wanabadilika haraka.

Dakika tatu za mwisho

Weka mstari mpya kwenye karatasi. Timu inayofungwa goli moja itamtoa kipa iweke mshambuliaji wa sita, lango tupu. Zamani walisubiri dakika ya mwisho. Roy, yule wa Colorado, alianza kumtoa mapema sana, na mechi ya kwanza ya mtoano 2014 dhidi ya Minnesota alimtoa zikiwa zimebaki dakika 3 hivi, Paul Stastny akasawazisha sekunde 13 za mwisho, afu akafunga tena muda wa nyongeza. Siku hizi wengi wanafanya hivyo, kwa sababu kufungwa kwa goli moja au mawili ni kufungwa kulekule, pointi sifuri. Vijiti vya dakika hizo usivichanganye na vya juu, na ukiona ubao umeandika 4-2 mwishoni, angalia kwanza kama la nne liliingia lango tupu.

Kwa mechi yako ya kwanza usijaribu vyote. Kipindi cha kwanza tu, vijiti na maduara, kipindi cha pili ongeza nukta, cha tatu tupa kalamu uangalie kwa raha. Karatasi uitunze, ukifikisha mechi 20 za timu moja jumlisha, uweke pembeni ya msimamo wa ligi, afu tazama nani anakaa pasipo pake.